Ulicheza michezo, sasa unaandika CV: uweke au uache?

Kuna CV ambazo kuzisoma kunaniuma, na mara nyingi ni za watu waliocheza mchezo kwa moyo wote miaka mitatu minne, wakaamka alfajiri kufanya mazoezi kabla ya kipindi, wakasafiri na timu wikiendi, wakaingia kwenye mtihani goti limefungwa bandeji, alafu siku ya kuandika CV wanaweka shahada, wanaweka fildi ya miezi miwili, basi, karatasi imeisha. Ukimuuliza mbona mpira hujauweka anakujibu "ah ile ilikuwa michezo tu". Upande wa pili kuna mtu ana miaka kumi na tano kazini, ameshaongoza idara nzima, na juu kabisa ya CV yake bado kakaa ushindi wa pili wa mita 800 alioupata akiwa sekondari. Hawa wawili hawahitaji ushauri mmoja, ndo maana ukiambiwa tu "weka" au ukiambiwa tu "usiweke" unakuwa hujasaidiwa.

Msimamo wangu nauweka wazi mapema: mchezo ni ushahidi wa jinsi unavyofanya kazi, na ushahidi unawekwa pale unapohitajika, kwa ukubwa unaostahili. Hatua zifuatazo ni za kujua kama wako unahitajika, na kama unahitajika unauandikaje.

Hatua ya 1: Funika mstari wa michezo, soma kilichobaki

Andika CV nzima bila michezo kwanza. Isome kama vile humjui mwenye hiyo CV. Je inaonyesha kwamba huyu mtu amewahi kuongoza wenzake? Kwamba anavumilia presha? Kwamba anaweza kufanya mambo mawili mazito kwa wakati mmoja na yote yakaenda? Kama hayo yote yapo tayari, kwenye kazi halisi ulizofanya, basi michezo ni nyongeza tu, mstari mmoja chini unatosha. Kama hayapo, na uliyapata uwanjani, hapo mchezo wako siyo pambo tena, ndo ushahidi pekee ulionao na kuuficha ni kujinyima mwenyewe.

Kwa nini nasisitiza hili la kuchagua? Kwa sababu msomaji hana muda. Kampuni ya ajira ya Ladders iliwahi kufuatilia macho ya maafisa ajira wakati wanasoma CV, na kwenye matokeo ya mwaka 2018 ikaonekana mtazamo wa kwanza unachukua wastani wa sekunde 7.4. Sekunde saba! Ndani ya hizo saba kila mstari usio na kazi unaiba nafasi ya mstari wenye kazi, kwa hiyo usiweke kitu eti kwa sababu kinakupendeza wewe.

Hatua ya 2: Angalia uko wapi kwenye safari yako ya kazi

Kama bado ni mwanafunzi au umemaliza juzi juzi, weka, tena bila aibu. Michezo ya chuo inabeba uzito kamili hapa, na hata ya sekondari inaingia kama hujafika chuo au kama ulifikia ngazi ya mkoa au taifa.

Ukishakuwa na miaka mitatu, minne, mitano ya kazi, sekondari itoe. Ya chuo ibakize mstari mmoja, na kama uliwahi kuwa nahodha basi unahodha ndo ubaki, mengine yaende. Najua inauma kufuta, mtu unaona kama unafuta ujana wako, lakini mwajiri anataka kujua mwaka jana ulifanya nini.

Ukishakuwa mtu mzima kazini, meneja, mkurugenzi, mtaalamu wa miaka mingi, michezo inabaki kwa sababu tatu tu: ilikuwa ya kiwango cha juu kweli (timu ya taifa, kucheza kulipwa, Olimpiki), au bado unaifanya mpaka leo, au inahusiana na kazi unayoomba. Cha kiwango cha juu hakichakai. Chama cha dunia cha wanaolimpiki, World Olympians Association, tangu 2017 kinawaruhusu waliowahi kushiriki Olimpiki kuweka herufi OLY baada ya jina, vile vile watu wanavyoweka PhD, na wa Paralimpiki wana PLY. Kama wewe ni mmoja wao hata uwe na miaka sitini weka, hakuna wa kukuambia umepitwa na wakati.

Hatua ya 3: Pima kiwango chako bila kujipendelea na bila kujidharau

Watu wengi huwa wanajipunja hapa. Mtu anadhani kama hakuvaa jezi ya taifa basi hana cha kuandika, na siyo kweli. Kilichokufundisha kazi siyo medali, ni kile ulichokuwa unakifanya kila siku mpaka ukaipata au ukaikosa. Aliyesugua benchi misimu miwili, akawa anakuja mazoezini kila siku na kuwaandaa wenzake, anacho cha kusema kuliko kipaji aliyecheza mechi nne alafu akaacha.

Halafu kuna kazi za michezoni ambazo watu wanazisahau kabisa, na mimi naziona ni nzuri kuliko hata kucheza. Refa. Mtu aliyepuliza kipyenga mechi za ligi za vijana, akasimama katikati ya watu wazima wanaomfokea akatoa uamuzi na akaushikilia, huyo ameshafanya kazi ambayo mameneja wengi hawaiwezi. Kocha wa watoto. Mtunza takwimu za timu. Aliyekuwa anapanga safari, anakusanya michango, anahakikisha jezi zimefika na usafiri upo. Kama uliyafanya hayo usiyaache nyuma kwa sababu hayana kombe.

Kwa upande mwingine, kwenda gym mara tatu kwa wiki siyo mafanikio ya kuandika kwenye CV, ni afya yako. Kushabikia timu pia siyo. Marathoni ni katikati: kumaliza kilomita 42.195 kunaonyesha mtu aliyejipanga miezi mingi, kwa hiyo kwa anayeanza kazi mstari mmoja unafaa, hasa kama ulichangisha pesa za hisani au uliandaa kundi la wakimbiaji. Triathloni ya Ironman nayo ni hivyo hivyo, ila usidhani kila mtu anajua ni nini, andika umbali: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, kisha marathoni nzima. Msomaji asiyejua jina atazielewa namba.

Hatua ya 4: Usitegemee jina la mchezo likufanyie kazi

Kidogo kuhusu utafiti, maana watu wanapenda kusema "waajiri wanapenda wanamichezo" kana kwamba ni sheria. Mtafiti wa Sweden, Dan-Olof Rooth, alichapisha mwaka 2011 jaribio ambapo maombi ya kubuni yalitumwa kwenye nafasi halisi za kazi, mengine yametaja michezo mengine hayajataja. Waliotaja waliitwa zaidi, ila tofauti ilikuwa kama pointi 2 za asilimia hivi, na kwenye kazi zinazotaka nguvu za mwili ilikuwa karibu mara mbili ya hapo. Kwa hiyo faida ipo kweli lakini ni ndogo, haitakubeba kama mengine yote yamelala.

Na kuna upande mgumu zaidi. Mwaka 2016 Lauren Rivera na András Tilcsik walichapisha utafiti ambapo walituma CV za kubuni kwa ofisi za mawakili Marekani. Masomo yale yale, uzoefu ule ule, ila wengine wana alama za familia ya kitajiri, zikiwemo mashua za tanga na polo (mchezo wa mpira unaochezwa juu ya farasi), wengine za familia ya kawaida kama riadha na mpira wa miguu. Mwanaume mwenye alama za kitajiri aliitwa mara nyingi zaidi kuliko wote, na mwanamke mwenye alama zile zile hakupata faida hiyo. Hii inakera na inapaswa kukera. Lakini inakufundisha kitu: msomaji anakuja na mawazo yake kuhusu mchezo wako kabla hujamweleza chochote, sasa ukiandika jina la mchezo peke yake unamwachia ajaze mwenyewe. Andika ulichokifanya, ndipo unapunguza nafasi ya yeye kujaza.

Kwa dada zangu naongeza hili. Kampuni ya ukaguzi na ushauri ya EY pamoja na espnW, kitengo cha michezo ya wanawake cha ESPN, waliwahoji wanawake 400 wenye nafasi za uongozi makazini mwaka 2014, na kati ya waliokuwa ngazi ya juu kabisa asilimia 52 walikuwa wamecheza michezo chuo kikuu. Haimaanishi mpira ndo uliowapandisha vyeo, inawezekana sababu ni nyingine kabisa, ila kama kuna aliyekuambia netiboli au ngumi zitakufanya uonekane hauko siriasi, huyo usimsikilize.

Hatua ya 5: Chagua pa kuweka

Kama ulilipwa, yaani mchezo ulikuwa kazi, basi iandike kwenye uzoefu wa kazi kama kazi nyingine yoyote. Klabu ndo mwajiri, nafasi yako uwanjani ndo cheo, miaka ndo miaka. Mtu aliyecheza kulipwa tangu ana miaka 19 mpaka 27 akiificha anabaki na shimo la miaka minane kwenye CV, na shimo linatisha kuliko mpira. Watu wa HR wakiona shimo wanajaza wenyewe na hawajazi mazuri.

Kama hukulipwa lakini ulikula muda mwingi, mfano ulikuwa na skolashipu ya michezo, hapo una njia mbili: kuiweka chini ya elimu, mstari wa pili baada ya shahada, au kufungua sehemu ya uongozi na shughuli nyingine. Vyovyote utakavyochagua weka masaa. Watu hawaandiki masaa na sijui kwa nini! Chukua mfano wa vyuo vya Marekani vilivyo Division I, yaani ngazi ya juu, chini ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo huko, kanuni zinaweka kikomo cha masaa 20 ya michezo kwa wiki msimu ukiwa umeanza na masaa 4 kwa siku. Kama kikomo chenyewe ni nusu ya wiki ya kazi ya mtu mzima, ujue huu siyo mchezo wa kupitisha muda. Kwa hiyo ukiandika "masaa 20 kwa wiki sambamba na masomo ya uhandisi" umemweleza mwajiri kitu ambacho wastani wa alama zako hauwezi kumweleza, na kama alama zako hazikuwa za juu sana basi umempa pia sababu bila kulia lia.

Tuzo peke yake, bila stori ya uongozi wala muda, ziende kwenye sehemu ya tuzo. Na kama ni kitu unachofanya kujifurahisha tu, mwisho kabisa kwenye mambo unayopenda, maneno matano yasizidi.

Hatua ya 6: Sasa andika mstari wenyewe

Hapa chukua muda, tena mwingi kuliko hatua zote, maana mstari mbaya unaharibu mchezo mzuri.

Mstari mzuri una vitu hivi: ulikuwa nani, kwenye ngazi gani, kwa muda gani, kilitokea nini, na ulifanya nini kwa ajili ya wenzako. Si lazima vyote vitano viingie, lakini vikiwa viwili tu mstari unakuwa mwepesi. Angalia:

"Nilikuwa mchezaji wa mpira wa wavu chuoni."

Huu haujasema kitu. Ulicheza lini, mara ngapi, kwa nafasi gani? Sasa huu:

"Nahodha, timu ya mpira wa wavu ya chuo, 2021–2023. Niliongoza wachezaji 14, nilipanga ratiba ya mazoezi ya masaa 12 kwa wiki pamoja na kocha, na niliwafundisha wachezaji wapya sita, wanne kati yao wakapata namba kwenye kikosi cha kwanza."

Umeona hakuna hata neno moja la kujisifu? Hajasema mchapakazi, hajasema ana ushirikiano, hajasema ni kiongozi wa kuzaliwa. Namba zimesema. Hayo maneno ya sifa yatoe yote kwenye mstari wa michezo, maana kila anayeomba kazi anayaandika na hakuna anayeyaamini.

Mwingine, wa aliyekuwa benchi:

"Golikipa wa akiba, misimu mitatu. Nilihudhuria mazoezi yote ya timu, niliandaa video za wapigaji penati wa timu pinzani kwa ajili ya golikipa wa kwanza kabla ya kila mechi."

Mimi huyu ningemwita kesho yake. Anajua kazi isiyoonekana.

Na wa aliyecheza kulipwa anayehamia kwenye mauzo:

"Mchezaji wa kulipwa, mpira wa kikapu, 2016–2022, klabu tatu kwenye nchi mbili. Nilizoea mazingira mapya na lugha mpya ndani ya msimu mmoja, niliiwakilisha klabu kwenye mikutano na wadhamini, niliongoza mafunzo ya watoto kila mwezi."

Ona alivyochagua. Hajaandika pointi kwa mechi, kaandika wadhamini, kwa sababu anaomba kazi ya kukaa na wateja. Angekuwa anaomba kazi ya ukocha angegeuza.

Kitu kingine, mwandikie mtu ambaye hajawahi kuangalia mchezo wako hata siku moja. "Nilimaliza na asisti 11" kwake ni sauti tu. Nafasi uliyoshika iandike na idadi ya washindani, "nafasi ya 3 kati ya washiriki 140" inaeleweka na kila mtu, wakati "medali ya shaba" inaweza kuwa ya watu watatu tu. Mkanda mweusi wa karate au judo ni hivyo hivyo, sema ulichukua miaka mingapi kuufikia na kama unafundisha wengine. Muda wa mbio uandike kama tu msomaji ataelewa uzito wake, kama hataelewa andika nafasi.

Na hakikisha ni maandishi ya kawaida. Makampuni mengi yanatumia programu za kuchuja maombi kabla hata binadamu hajayaona, sasa vile vialama vya medali na vikombe vilivyochorwa pembeni programu inaweza isivisome kabisa. Picha yako umevaa jezi pia iache nyumbani.

Hatua ya 7: Usiongeze chumvi, hata chembe

Matokeo ya michezo ni kati ya vitu rahisi sana kuvihakiki. Orodha za wakimbiaji zipo kwenye intaneti, vikosi vya timu vipo, na popote utakapofanya kazi kuna siku utakutana na mtu aliyecheza na wewe.

George O'Leary aliajiriwa kuwa kocha wa timu ya mpira wa Kimarekani ya chuo kikuu cha Notre Dame Desemba 2001. Siku tano baadae akajiuzulu. Wasifu wake ulidai alicheza mpira chuo cha New Hampshire na kutunukiwa heshima ya mchezaji wa timu misimu mitatu, kumbe hakuwahi kucheza hata mechi moja pale, na shahada ya uzamili aliyoidai nayo hakuwa nayo. Alikuwa kocha mzuri tayari, hakuhitaji huo uongo hata kidogo, uliandikwa miaka mingi nyuma akiwa bado anatafuta njia na ukamsubiri mpaka siku aliyopata kazi ya ndoto zake.

Paul Ryan naye, mwaka 2012 akiwa mgombea wa umakamu wa rais Marekani, alisema kwenye redio aliwahi kukimbia marathoni chini ya masaa matatu. Waandishi wa jarida la Runner's World wakatafuta, wakakuta alikimbia marathoni moja, mwaka 1990, kwa zaidi ya masaa manne. Ilikuwa mazungumzo tu wala siyo CV, lakini wakimbiaji wanaijua tofauti ya saa zima na hawakumwacha.

Kwa hiyo kama ulikuwa nahodha msaidizi andika msaidizi. Kama mlifika nusu fainali andika nusu fainali. Kama uliitwa kambini timu ya taifa ukachujwa kabla ya mashindano, andika "niliitwa kwenye kambi ya timu ya taifa", hilo peke yake ni kubwa, na ni kweli.

Hatua ya 8: Soma tena ukitafuta vinavyoweza kukugeukia

Mstari wa michezo unaweza kutoa siri ambazo hukupanga kuzitoa. Miaka ya mashindano inafichua umri. Jina la klabu linaweza kufichua dini au jamii yako. Michezo ya walemavu inafichua hali ya mwili wako, na hapa nisieleweke vibaya, wapo wanaoandika kwa fahari na wana kila haki, medali ya Paralimpiki ni medali, nachosema ni kwamba uamuzi wa nani ajue na ajue lini ni wako wewe, usiutoe kwa bahati mbaya. Ukiamua kuandika, andika kwa kifua. Ukiamua kusubiri mpaka uitwe, hujamdanganya mtu.

Majeraha usiyataje, hayana kazi kwenye CV. "Niliacha kwa sababu ya goti" ni maneno ya intavyuu, tena ukiulizwa.

Michezo ya hatari kama kuruka kwa parashuti au kupanda milima mirefu, inategemea na anayesoma. Wengine wanaona ujasiri, wengine wanaona mtu atakayekuwa hospitali msimu wa kufunga hesabu. Kwa kazi nyingi za ofisini mimi ningeiweka kwa maneno machache au ningeiacha.

Na kama bado unashindana, una mazoezi kila jioni na safari kila mwezi, mwajiri atajiuliza utafanya kazi saa ngapi. Mjibu kabla hajauliza: "nafanya mazoezi alfajiri, nje ya masaa ya kazi". Kama haiwezekani, yaani mashindano yatakula siku za kazi kweli, liseme kabla ya kusaini mkataba.

Hatua ya 9: Linganisha na tangazo la kazi

Hii ni fupi. Soma tangazo, pigia mstari wanachotaka, alafu geuza mstari wako wa michezo uongee hicho. Wanataka mtu wa kufikia malengo ya mauzo, onyesha malengo uliyojiwekea na ukayafikia. Wanataka anayeweza kazi za zamu na shuluba, onyesha mazoezi ya alfajiri. Polisi, jeshi, zimamoto, ualimu, kampuni za vifaa vya michezo, hapa panda juu na maelezo zaidi. Maabara, uhasibu, programu za kompyuta, mstari mmoja unatosha na mara nyingi unakuwa ndo mwanzo wa mazungumzo. CV moja kwa kazi zote haitoshi, lakini kubadilisha mstari mmoja hakuchukui hata robo saa.

Hatua ya 10: Jiandae kuulizwa

Ukiuweka mstari wa michezo, uwe tayari, maana ndo unaoulizwa. Mtu aliyechoka kusoma mambo ya "kusimamia mradi" akiona "refa" anasimama hapo hapo. Sasa ukijibu "ndiyo, nilikuwa refa, ilikuwa poa sana" umepoteza nafasi uliyoitengeneza mwenyewe.

Andaa stori tatu. Moja ya kushindwa: fainali mliyopoteza, msimu uliotemwa kikosini, na ulifanya nini wiki iliyofuata, hiyo wiki iliyofuata ndo wanayoitaka. Moja ya ugomvi: mchezaji mwenzako mliyekuwa hamuelewani na bado mlitakiwa mpeane pasi. Moja ya kumsaidia mtu mwingine afanye vizuri kuliko wewe. Kila stori dakika moja na nusu, na imalizie kazini, yaani useme ungefanya nini kwenye nafasi unayoomba. Fanya mazoezi ya kusema kwa sauti, siyo kichwani.

Kwa waliotoka kwenye michezo ya kulipwa au ya kimataifa na hawajui waanzie wapi, Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilianza mwaka 2005 mpango wa kuwasaidia wanamichezo kuingia kwenye ajira kwa kushirikiana na kampuni ya ajira ya Adecco, na siku hizi huduma hizo zinapatikana kupitia Athlete365, jukwaa la Kamati hiyo kwa wanamichezo, kuna mambo ya CV, intavyuu na kupanga maisha baada ya mchezo. Vyama vingi vya wachezaji navyo vina kitu cha aina hiyo. Ulizia, usikae unaandika peke yako usiku wa manane.

Hatua ya 11: Mpe mtu asiyejua mchezo wako aisome

Siyo mwenzako wa timu, huyo atakuelewa hata ukiandika nusu. Mpe mtu ambaye hajui tofauti ya kona na penati, mwambie asome mstari huo mmoja, alafu muulize: huyu mtu ana uwezo gani? Akijibu "anapenda mpira", rudi hatua ya 6. Akijibu "anajua kusimamia watu" au "hachoki mapema", mstari umekaa.

Mwisho, kocha wako anaweza kuwa mdhamini mzuri sana, yaani mtu ambaye mwajiri atampigia kuuliza habari zako, hasa kama hujawahi kuwa na bosi, kwa sababu amekuona umechoka, umekasirika, umeshindwa, vitu ambavyo mhadhiri wa darasa la watu mia tatu hajawahi kuviona. Ila mpigie kwanza. Mwambie ni kazi gani unaomba, mtumie tangazo lenyewe na CV, mkumbushe miaka uliyocheza na ule unahodha, maana wachezaji wengi wanapita kwenye mikono ya kocha na siku simu ya mwajiri inaingia anaweza kuwa pembeni ya uwanja na kelele zote zile, akapata maneno mawili tu ya kusema. Akikubali, weka namba yake na cheo chake kamili kwenye sehemu ya wadhamini, na hakikisha mwaka aliokufundisha unalingana na mwaka ulioandika wewe.